Mpwa wangu ameshausoma mswada. Nimlipe mhariri wa nini tena?

Swali: Mwanangu mhariri, salaam kutoka Makambako. Nilikuwa bwana shamba kwa miaka 31, sasa nimestaafu. Nimeandika kitabu cha kilimo cha viazi mviringo katika mikoa yetu hii, na ndani yake nimesimulia pia maisha yangu ya kazi. Niliandika kwa mkono kwenye kaunta buku 4, binti wa steshenari akanichapia kwenye kompyuta. Anasema ni maneno kama 42,000. Mpwa wangu anayefundisha Kiswahili sekondari ameshausoma mswada wote na kuusahihisha bure. Mwenye mashine ya kuchapa vitabu kule Mbeya yuko tayari kunitolea nakala 500. Rafiki yangu mmoja ananikazania nitafute mhariri kwanza, na niliyempata anataka shilingi 900,000. Hiyo ni hela ya mbegu bora. Hivi mhariri anafanya nini ambacho mpwa wangu hakukifanya? Na nikimpa, kitabu kitabaki changu?

Jibu: Kamwene Baba, na shikamoo.

Nianze na hesabu, maana wewe ni mtu wa shamba. Laki tisa ukizigawa kwa nakala 500 ni shilingi 1,800 kwa kitabu kimoja. Sasa tazama upande wa mhariri. Maneno 42,000 ni kurasa 168 za maneno 250. Kwa kitabu chenye vipimo kama chako, mimi nikisoma kwa makini sipiti kurasa tano kwa saa. Hizo ni saa 34 za mzunguko wa kwanza, na mzunguko wa pili hula nusu ya hizo. Jumla inafika saa 50, bila kuhesabu simu za kukuuliza hili na lile. Simfahamu huyo aliyekutajia bei, ila bei yenyewe si ya unyang'anyi ikiwa kazi yote ataifanya. Akikurudishia mswada baada ya siku tatu, hata laki mbili zitakuwa ghali.

Kazi yenyewe ni ipi, ndilo swali lako. Mpwa wako amefanya jambo la maana na anastahili shukrani. Bila shaka ametenganisha "kwasababu" na "kwahiyo", ameondoa "masaa", amerekebisha "viazi hizi", amerudisha "r" na "l" kila moja kwake. Sisi wa nyanda za juu herufi hizo mbili hutusumbua hadi uzeeni, na mkulima akisoma "mahari pa kupandia" anaanza kufikiria ng'ombe wa posa. Mwalimu wa Kiswahili anayaona makosa hayo upesi kwa kuwa ndiyo anayoyasahihisha kila jioni kwenye madaftari ya wanafunzi. Hata mashine ya steshenari isingemsaidia binti yule: programu za kuandikia mara nyingi huwa zimewekwa lugha ya Kiingereza, basi karibu kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu. Mtu akizoea kuona ukurasa mzima mwekundu, kosa la kweli halimshtui tena.

Tatizo la mpwa ni kwamba anakujua. Akikuta sentensi yenye pengo analiziba mwenyewe bila kujua, kwa sababu jambo hilo amekusikia ukilisimulia sebuleni tangu akiwa mtoto. Na hata akiona kuwa sura ya tatu inachosha, atakwambiaje wewe mjomba wake? Atapiga mstari chini ya herufi iliyokosewa na kuliacha lile kubwa lipite. Mkulima wa Ludewa au wa Mbozi atakayekinunua hakujui, hatakupigia simu, na akikwama ukurasa wa 30 atakifunga. Mhariri analipwa asome kama mkulima huyo. Unanunua maswali ya mtu asiyekujua, na unayanunua wakati bado majibu yanaweza kuingia kitabuni.

Nikuonyeshe maswali ya namna hiyo, kwa kubuni kurasa ambazo zingeweza kuwa zako. Tuseme ukurasa wa 22 umeandika kwamba mstari hadi mstari iwe sentimita 75, na kiazi hadi kiazi sentimita 30. Ukurasa wa 61 unasema ekari moja hubeba mimea 24,000. Kila sentensi ni Kiswahili safi, mpwa wako hana pa kuweka kalamu. Mimi natoa kikokotoo. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Kwa nafasi yako, kila mmea unachukua mita za mraba 0.225. Ukigawanya unapata mimea 18,000, si 24,000. Kisha nafika ukurasa wa 64, unasema mbegu ni mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, yaani kilo 800. Kilo 800 kwa mimea 18,000 ni kiazi cha gramu 44; kwa mimea 24,000 ni gramu 33. Lakini ukurasa wa 19 umesema mbegu nzuri ina ukubwa wa yai la kuku, na yai ni gramu 50 hadi 60. Ukizidisha gramu 60 kwa mimea 18,000 unahitaji kilo 1,080. Kwa hiyo kitabu kimoja kina mashamba matatu tofauti ndani yake. Wewe ukiwa shambani hukosei, mkono unajua. Lakini mkulima anayekopa fedha za mbegu kwa kufuata ukurasa wa 64 atafika katikati ya ekari gunia limekwisha.

Sikusahihishii tarakimu hizo. Naandika pembeni: "Baba, kipi ni kweli?" Jibu unalo wewe peke yako, pengine kwenye kaunta buku ya pili, ambako huenda uliandika 60 kwa 30 na binti wa steshenari akasoma 75. Nafasi ya 60 kwa 30 hutoa mimea 22,000 na ushee, ambayo iko karibu zaidi na ile 24,000.

Halafu kuna gunia. Ukiandika "gunia 80 kwa ekari", gunia lipi? La kilo 100 au lumbesa? Huko kwenu kila mtu anajua lumbesa lilivyo, kilemba juu kimeshonwa kwa kamba, na mnunuzi analilipa kama gunia moja. Mavuno yakihesabiwa kwa lumbesa na gharama zikahesabiwa kwa gunia la kawaida, sura yako ya faida na hasara haitamsaidia mtu. Nitakuomba kila mahali uandike kilo, na gunia uliache kwenye masimulizi tu.

Kuna saa. Vitabu vingi vya kilimo vina sehemu zilizotafsiriwa kutoka vijitabu vya Kiingereza, na hapo ndipo ninapokuta "nyunyiza dawa kabla ya saa 10 asubuhi". Mzungu aliandika 10 akimaanisha saa 4 yetu. Kwetu saa 10 ni alfajiri yenye giza, na kwa baridi ya Njombe umande umejaa majani yote. Kuna hekta na ekari: kipimo cha mbolea cha hekta kikiandikwa kwa ekari, mkulima anatia karibu mara mbili na nusu ya kinachotakiwa. Kuna "bomba moja". Bomba la mgongoni lipo la lita 15, lipo la lita 16, lipo la lita 20. Ukisema vijiko viwili vya dawa ya ukungu kwa bomba, nitauliza lita ngapi, na kijiko kipi, cha chai au cha chakula. Ukinijibu kwamba wakulima wanajua, nitaomba jambo moja: mpe ukurasa huo kijana anayelima viazi kwa mara ya kwanza, usimweleze neno, umwache akupimie maji na unga wa ngano badala ya dawa. Utaona mwenyewe.

Na kuna lugha yenyewe, ambayo inadanganya kwa upole. Kiswahili hakitenganishi "yeye" huyu na "yeye" yule. Soma hii: "Mzee alimwambia bwana shamba kwamba shamba lake limeingiliwa na mnyauko, naye akamjibu kwamba alimwonya." Nani alimwonya nani? Shamba la nani? Wewe uliyekuwepo siku ile unaona nyuso zao unapoisoma. Mimi naona viambishi tu, nitauliza.

Nadhani sasa unaona tofauti. Ila nisikupe picha kwamba mhariri ni malaika. Nitakusimulia langu moja, maana linahusu sehemu ambayo waandishi wengi huikata ili kuokoa fedha.

Miaka mingi iliyopita nilihariri kijitabu cha ufugaji kwa kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Rungwe. Kazi niliifanya vizuri, naweza kusema hivyo bila haya. Mwandishi alikuwa ameandika: "Usimpe ndama aliyezaliwa kitu kingine. Mpe maziwa ya mwanzo ndani ya saa 6 za kwanza." Nikapitisha. Mswada ukaenda kwa msanifu wa kurasa, akaupanga, akauhamisha kutoka programu moja kwenda nyingine. Fedha zilikuwa zimekwisha, tukakubaliana kwamba prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa kabla ya kuchapwa, haina haja ya kusomwa kwa kuwa nilikuwa nimeshahariri. Mimi nilikubali, hakuna aliyenilazimisha. Kwenye kupanga kurasa maneno machache yakaanguka. Vijitabu 300 vikatoka vikisema: "Usimpe ndama aliyezaliwa maziwa ya mwanzo ndani ya saa 6 za kwanza." Maneno matatu tu yalikosekana: kitu, kingine, mpe. Sentensi iliyobaki haina kosa la sarufi hata moja, ndiyo maana aliyeitupia jicho hakushtuka. Na maziwa yale ya mwanzo ndiyo kinga ya ndama. Akiyakosa katika saa zile, unaweza kumpoteza. Mama mmoja wa kikundi aliliona kabla havijagawiwa, akiwa anawasomea wenzake kwa sauti. Tulikaa siku mbili tukiandika kwa kalamu kwenye nakala moja baada ya nyingine. Tangu hapo sipokei kazi ambayo mwenyewe hataki prufu isomwe.

Kwa hiyo ukizungumza na mhariri wako, muulize hizo shilingi 900,000 zinahusu hatua zipi. Hatua ni tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuutazama muundo: kitabu kinasema nini, kwa nani, sura zimepangwaje, kipi kimezidi, kipi hakipo. Ya pili ni lugha na usahihi, sentensi kwa sentensi, pamoja na hayo mahesabu niliyoyaeleza. Ya tatu ni kusoma prufu, yaani kurasa zikiwa zimeshapangwa kama zitakavyochapwa, siku chache kabla ya mashine kuwashwa. Kuanza na ya pili kabla ya ya kwanza ni kupiga rangi nyumba ambayo huenda ukuta mmoja ukabomolewa.

Na kwako Baba, ukuta upo. Umeniandikia kwamba kitabu ni cha kilimo cha viazi "na ndani yake nimesimulia pia maisha yangu ya kazi". Hapo ndipo ningekusimamisha kabla ya jambo lingine lolote. Mkulima anayetafuta kipimo cha mbolea hataki kupitia safari yako ya kwanza kwenda Makete kwa lori. Na mjukuu wako atakayetaka kujua habari za lori lile hatajali mbolea. Inawezekana hapa pana vitabu viwili. Inawezekana pia ni kimoja, ambamo kila sura inaanza na kisa kifupi cha shambani kisha maelekezo yanafuata. Sijausoma mswada, siwezi kuamua. Lakini ni swali linalostahili laki tisa kuliko koma zote.

Jambo hili limewahi kubadilisha vitabu vikubwa. Mwandishi wa Marekani Harper Lee alipopeleka mswada wake kwa wachapishaji mwaka 1957, ulikuwa unasimulia habari za mwanamke mtu mzima anayerudi nyumbani kwao. Mhariri wake, mama aliyeitwa Tay Hohoff, aliona kwamba uhai wa hadithi uko kwenye kumbukumbu za utoto, akamshauri aiandike upya kwa jicho la mtoto. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. Riwaya ikatoka mwaka 1960, na mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani. Hohoff hakuitunga riwaya ile. Aliona ilikokuwa imelala, na mwandishi akaenda kuiamsha mwenyewe. Zaidi ya miaka miwili, Baba, na wewe mwenye mashine anakuharakisha.

Sasa, kitabu kitabaki chako? Kisheria hilo halina mjadala: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyetunga, na kulipa mtu akusahihishie hakumfanyi awe mtunzi mwenzako. Hata hivyo andikishaneni karatasi moja: kazi ni zipi, mzunguko mara ngapi, malipo kwa awamu, na kwamba mswada hautapewa mtu mwingine bila ruhusa yako. Ukurasa mmoja unatosha, sahihi mbili.

Lakini nadhani unauliza kitu kingine, kama sauti yako itabaki. Hiyo hofu ni ya haki kabisa, na wapo wahariri wanaostahili kuogopwa. Tuseme umeandika hivi kuhusu kupandishia udongo: "Kiazi ukikiacha nje ya tuta, kitakutazama kwa jicho la kijani, nawe usikile." Mhariri asiye na sikio ataandika: "Inashauriwa kwamba upandishiaji wa udongo ufanyike kwa wakati ili kuepusha hali ya viazi kubadilika rangi." Hakuna kosa ndani yake. Hakuna mtu ndani yake pia. Umeuzwa kwa lugha ya semina. Mhariri mzuri ataiacha sentensi yako kama ilivyo, kisha ataandika pembeni: "Ongeza sentensi moja ueleze kwamba ukijani huo unatokana na mwanga wa jua na ni dalili ya sumu, ili msomaji asidhani ni mzaha." Sentensi yako imebaki, na msomaji amepata alichokuwa amekosa.

Ni hivyo hivyo kwa maneno ya kwetu. Lazima umeandika "vinyungu". Msomaji wa Iringa na Njombe anaona bonde lenye unyevu na matuta ya kiangazi. Msomaji wa Kigoma haoni kitu. Dawa yake si kulifuta na kuweka "kilimo cha mabondeni". Mara ya kwanza linapotokea lieleze kwa maneno kumi, baada ya hapo litumie kwa uhuru hadi mwisho. Kiswahili kimekua kwa kupokea maneno ya namna hiyo, na bwana shamba wa miaka 31 anayo mengi kuliko mhariri yeyote wa mjini. Mhariri akikuletea mswada umesafishwa maneno yote ya kwenu, mrudishie.

Ili kulinda haya yote, dai uone kila alichogusa. Kompyuta zina njia ya kuhifadhi mabadiliko kwa rangi, ya zamani yamekatwa, mapya pembeni. Kama macho hayavumilii kioo, achape kwenye karatasi. Wewe ndiye unayekubali au kukataa. Mwandishi anayekataa yote amepoteza fedha zake. Anayekubali yote bila kusoma naye amekosea, na nimewahi kumwambia mteja hivyo ana kwa ana.

Jinsi ya kumjua anayefaa? Mpe kurasa tano kabla ya kulipa, na katika hizo weka ule wa dawa na mmoja wa masimulizi. Akirudisha tazama pembeni kwanza. Ukikuta maswali, hasa yale yanayokukera kidogo kwa sababu ni ya kweli, huyo ni mhariri. Ukikuta usahihishaji mtupu bila swali hata moja, umempata mpwa mwingine, tena wa kulipwa. Siku hizi wapo pia wanaoupitisha mswada kwenye programu ya akili mnemba na kuurudisha umelainika kama uji. Utawatambua: aya zote zina urefu mmoja, jicho la kijani limetoweka, na wakati mwingine tarakimu imebadilika kimyakimya. Kwa kitabu cha vipimo hilo ni jambo la hatari. Ukikosa mtu karibu, waulize Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo limekuwepo tangu mwaka 1967 na hufanya pia kazi za kuhariri, au walimu wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya wakuelekeze. Usiangalie vyeti peke yake. Kurasa tano zile ndizo zitakazokwambia.

Kuna fedha kidogo utakayoirudisha kwenye uchapaji, na mwenye mashine atalithibitisha ukimuuliza. Vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa kutoa kurasa 16. Kitabu kikifika kurasa 180, utalipia 192. Mhariri akikuonyesha marudio (na kwa mtu aliyeandika kaunta buku nne kwa miaka kadhaa marudio yapo) kikashuka hadi 160, umeokoa sehemu moja ya sita ya karatasi kwa kila nakala. Sisemi kwamba itafidia laki tisa. Ila iweke kwenye hesabu. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo iombe mapema kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ili tarakimu zake 13 ziwepo kwenye prufu na zihakikiwe kama tarakimu nyingine.

Na kama laki tisa hazipo kabisa? Ningekuwa wewe, nakala zingepungua kutoka 500 hadi 300, uhariri ubaki. Kama hata hivyo hazitoshi, mwombe mhariri akufanyie sura za mbegu, mbolea, dawa na hesabu za faida tu, pamoja na prufu ya kitabu kizima, na masimulizi yako myamalize wewe na mpwa wako. Myasome kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa kidole. Mahali ulimi unapokwama, sentensi ina ugonjwa. Hilo halina gharama, na lingefanywa na kila mwandishi kabla hajampigia mhariri simu, wengi wangeokoa theluthi ya malipo yao. Kitu ambacho nisingekubali ukikate, hata kwa mapatano gani, ni kurasa za dawa kupita bila jicho la pili.

Mwambie mwenye mashine asubiri. Mashine yake haiozi.

Na zile kaunta buku nne usizitupe wala usizigawe kwa watoto wa jirani. Kabla hujatuma chochote kwa mtu, kaa na mpwa wako jioni moja, mfungue kila ukurasa wenye tarakimu kwenye mswada uliochapwa na mlinganishe na mwandiko wako. Popote zinapotofautiana, andika namba ya ukurasa kwenye karatasi ya pembeni. Karatasi hiyo ndiyo umpe mhariri kwanza, kabla ya mswada wenyewe.